Trei ya sarafu za Mrima: shajara ya mradi

Januari: masharti

Mradi ni huu. Trei moja ya mbao yenye vishimo vya mviringo, kila kishimo sarafu moja, kuanzia reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, hadi shilingi ya kwanza ya Benki Kuu ya Tanzania, ile ya 1966 yenye mkono ulioshika mwenge upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Nataka kila fedha iliyowahi kununua samaki katika soko la Tanga, huku pwani ya Mrima, ipate mwakilishi.

Sharti nililojiwekea ndilo linalowashangaza wakusanyaji wenzangu: sarafu iwe imetoka kwa mtu wa huku, Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe au Lushoto, na mtu huyo aweze kunieleza ilimfikiaje. Sinunui mnadani Ulaya wala siagizi kwa posta. Rafiki yangu mmoja wa Dar, mwenye albamu nne na kila kitu kinang'aa, ananiambia nimejifunga kamba miguuni. Anasema kwa bei ya nauli zangu za Pangani peke yake ningeletewa rupia safi ya Mjerumani kutoka Hamburg, imo ndani ya kasha lake la plastiki na cheti juu.

Ni kweli. Lakini rupia safi kiasi hicho haikulipa kodi ya nyumba mwaka 1898, haikufungwa kwenye pindo la kanga, haikuzikwa chini ya kinu watu walipokimbia. Ilikaa droo ya mtu miaka mia. Mimi sina haja nayo.

Vifaa: mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi, sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, na daftari. Daftari ndilo la maana kuliko vyote hivyo.

Februari: reale

Nilidhani hii ndiyo itakayonichosha, kumbe ndiyo iliyokuja mwanzo. Sonara mmoja mjini, mzee ambaye ukoo wake umefua fedha na dhahabu hapa tangu babu zake, alifungua kibweta akanionyesha reale moja. "Hii ya mwisho," alisema. "Zilizobaki zote zimekuwa vikuku."

Hicho ndicho kisa cha reale pwani nzima. Ilikuwa na gramu 28 na kidogo, sehemu 833 za fedha katika elfu, kipimo ambacho hakikubadilika, kwa hiyo sonara alijua anachoyeyusha bila hata kuikwangua. Zanzibar walihesabu ushuru wa forodha, pembe na karafuu kwa reale. Seyyid Barghash, sultani wao, alipopiga riyali yake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, aliifuatisha uzito huohuo, maana nani angeikubali pungufu?

Watu huniuliza kama ni ya 1780 kweli, kwa kuwa mwaka huo umeandikwa. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, na tangu hapo sarafu zake zimeendelea kupigwa zikiwa na mwaka uleule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikataa sura nyingine. Vienna bado wanazipiga mpaka leo. Katika miaka ya 1930 na 1940 zilipigwa pia Roma, London, Paris, Brussels na Bombay. Wataalamu huzitenganisha kwa manyoya ya mkia wa tai, kwa lulu za kwenye bruchi begani, kwa namna herufi S.F. zilivyokaa chini ya kifua. Nimekaa na lenzi jioni nzima, macho yakaniuma. Kadi nimeiandika hivi: "Reale, mwaka 1780 juu yake, imepigwa baadaye."

Kwenye ukingo wa juu kuna uvimbe wa risasi, palipounganishwa kipete cha kuning'inizia. Sonara alitaka kuusafisha kabla ya kunipa. Nilimshika mkono. Inapima gramu 28.31 pamoja na uvimbe wake, na hivyo ndivyo itakavyokaa.

Machi: shaba kutoka kwenye mizani ya chuma chakavu

Nimeafikiana na mnunuzi wa chuma chakavu wa Ngamiani. Vijana wake wanazunguka na mikokoteni, na kila kipande cha shaba cha mviringo wananiwekea kwenye kopo la maziwa. Namlipa kuliko kilo ya shaba inavyolipa, naye hanidai maelezo. Mimi ndiye ninayemdai: imetoka nyumba gani, mtaa gani, ilikuwa ndani ya nini. Mwanzoni walinicheka. Sasa kijana mmoja ananiandikia kwa kalamu ya maki juu ya vipande vya boksi.

Kopo la kwanza lilikuwa na pesa nyingi, yaani zile sarafu ndogo za shaba zilizoitwa kwa jina hilo. Zile za Barghash za 1299 zinajulikana kwa mizani iliyochorwa upande mmoja. Zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki za 1890 hadi 1892 zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria, 1307 hadi 1309. Kampuni ilijua wateja wake wanasoma nini. Sarafu 64 kati ya hizo zilikuwa rupia moja, hesabu iliyotoka India, na kila muuza duka wa Tanga aliibeba kichwani.

Katikati yake imetokea moja ambayo sikuitengea kishimo: pesa ya Mombasa ya 1888, ya Kampuni ya Kiingereza, yenye jua na taji upande mmoja, mizani upande wa pili. Imetoka kwenye kisanduku cha cherehani cha nyumba ya barabara za juu. Wakubwa wa Berlin na London walipiga mstari kutoka Vanga mpaka Kilimanjaro mwaka 1886, lakini mwenye jahazi aliyetoka Mombasa na mzigo wa chokaa hakubadilisha fedha baharini. Trei imeongezwa kishimo.

Sasa suala la kusafisha, ambalo naulizwa kila siku. Kijana mmoja wa mkokoteni, kwa nia njema kabisa, alizisugua pesa kumi na mbili kwa ukwaju na mchanga mpaka zikawaka. Zimekwisha. Ile rangi ya kahawia iliyokolea ni ngozi ya shaba, ukiitoa unabaki na nyama, na nyama inaoza. Ninachofanya: naloweka kwenye maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, si asidi, nikiyabadilisha kila yanapochafuka. Kisha natumia mswaki laini wa mtoto. Uchafu ulioganda kwenye herufi nautoa kwa mwiba wa mchungwa chini ya lenzi, maana mwiba hukatika kabla haujakwaruza shaba. Ndimu, siki, majivu, dawa ya kung'arishia vitasa: hapana.

Aprili: masika

Mvua. Hakuna aliyetoka, mikokoteni imelala. Nimeshughulika na unyevu.

Vijaluba vya plastiki laini, vile vyenye harufu ya kiatu kipya, vinatoa ute wa kijani unaoshikamana na shaba na kuila. Nimevitupa vyote. Bahasha za karatasi kavu zinatosha kwa sasa, ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu na simu. Ninavikausha juu ya kikaango kikavu kila vinapochoka.

Unyevu huu si jambo geni kwa watawala. Mwaka 1907 Waingereza wa Kenya na Uganda walijaribu senti ya alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo kuingia sokoni. Joto, jasho na chumvi ya pwani vikaitafuna, na kufikia 1909 walikuwa wamehamia shaba iliyochanganywa na nikeli. Ninayo moja. Imeletwa na mama muuza vitumbua ambaye mumewe alikuwa akiitumia kuweka usawa mguu wa meza. Imejaa vidonda vyeupe na mwaka hausomeki vizuri, ila tundu la katikati limebaki. Rafiki yangu wa Dar asingeiweka hata kwenye kopo la vifungo. Kwangu hii ni bora kuliko iliyo nzima, kwa sababu inaonyesha kwa nini iliondolewa.

Mei: watu wa rupia

Habari imeenea kwamba nanunua fedha za zamani, na matokeo yake simu haiachi kulia. Asilimia kubwa si ya sarafu. Ni ile hadithi ya rupia za Mjerumani zenye nguvu, zinazovuta punje za mchele, zinazozima tochi, zinazotafutwa na "mzungu" aliyeko hotelini na mabilioni kwenye begi. Naeleza kwa upole. Rupia ya Mjerumani ni fedha ya gramu 11.66, sehemu 917 katika elfu, na haivuti kitu chochote. Ikishikwa na sumaku ndiyo ujue ni chuma kilichopakwa. Wengine wanakata simu kabla sijamaliza. Mmoja alinijibu, "Basi wewe hujaiona ile yenyewe." Watu wameuza mashamba kwa ajili ya ile yenyewe.

Rupia ya kweli nimeiona Pangani, na sikuipata.

Nilielekezwa kwa bibi mmoja anayekaa karibu na mto. Nilimwamkia, nikakaa barazani, tukazungumza bei ya nazi mpaka alipoona inafaa kuniuliza nilichofuata. Aliingia ndani akatoka na kidani. Rupia saba kwenye mnyororo: nne za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, tatu za Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Zote zimetobolewa na zimelainika mpaka sura zinaonekana kwa mbali. Nilizipima palepale, kwa ruhusa yake. Ukitoa kilichoenda na tundu na miaka, Victoria na Wilhelm wanalingana, kama ilivyokusudiwa: Kampuni ya Kijerumani ilipoanza kupiga rupia mwaka 1890 iliipa uzito na ubora uleule wa rupia ya India, ili isikataliwe dukani.

"Mama akitembea hiki kilikuwa kinalia," alisema. "Tunajua anakuja kabla hajafika mlangoni."

"Bibi, unaweza kuniachia moja?"

"Mjukuu wangu, ukitoa moja kitalia vipi?"

Sikuongeza neno. Lakini wakati wa kuaga aliniita, akatoa ndani ya kikopo robo rupia ya 1891, iliyochomoka kwenye ncha ya mnyororo zamani. Mnyororo ulikuwa na robo mbili, moja kila upande, akaniambia nyingine imepotea na hii peke yake haina kazi. Hakutaka fedha. Nilimpelekea kilo tano za mchele na sukari wiki iliyofuata, akapokea, akanisomea dua.

Kishimo cha rupia nzima kimebaki wazi. Pembeni yake nimeweka robo.

Juni: nilichokataa

Kijana alikuja na kijifuko cha visarafu vidogo vya shaba, vyembamba kama magamba ya samaki. Alisema vimeokotwa Kilwa, ufukweni, baada ya maji kupwa. Nilivitazama bila kuvigusa sana. Ni vya masultani wa Kilwa, maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na kimoja jina la Ali bin al-Hasan lilisomeka.

Siwezi kuelezea jinsi mikono ilivyonitetemeka. Kilwa walipiga sarafu zao karne nyingi kabla ya Vasco da Gama. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na wasomi hadi leo wanabishana zilifikaje. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 kulifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vijisarafu vidogo vyenye majina ya watawala ambao historia ilikuwa imewasahau. Hayo yote yalijulikana kwa sababu kuna aliyeandika vilipokutwa, kina gani, kando ya kitu gani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa ni cha kale na kinalindwa. Kijana hakuijua, na sikumkaripia. Nilimwambia avipeleke kwa wahifadhi wa palepale Kilwa, aeleze alipoviokota. Alinitazama kama mtu aliyekuja dukani akaambiwa duka halina bidhaa. Nilimpa nauli. Kama alifika, Mungu ndiye ajuaye.

Kuna wakusanyaji watakaosema mimi mnafiki, reale yangu nayo si ya zamani? Tofauti ninayoiona mimi ni hii: reale ilitoka kwenye kibweta cha sonara, na kisa chake kiko kwa sonara. Kile kijifuko kilitoka ardhini, na kisa chake kilibaki ardhini siku kilipookotwa.

Julai: heller na karakana ya Tabora

Mwezi mzuri. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha hesabu ya 64 ikaigawa rupia katika heller 100. Heller moja ya shaba, yenye taji juu na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, ndiyo sarafu ya kale rahisi kupatikana kuliko zote Tanga. Kopo lilileta nyingi, nikachagua ile iliyotoka kwenye msingi wa nyumba iliyobomolewa. Heller tano ya 1908 ni dude, kipenyo milimita 37, nzito mfukoni. Watu waliichukia, na mwaka 1913 ikatoka nyingine ndogo ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yenye tundu.

Halafu ikaja niliyoiota. Mstaafu wa reli, anayeishi Tanga lakini mzaliwa wa Tabora, alinitumia ujumbe kwamba ana "shaba ya babu." Ni heller 20 ya 1916, shaba ya njano, herufi T chini. Herufi moja hiyo inabeba habari nzima. Vita vilipofunga bahari, meli za fedha hazikuja, askari na wapagazi walitaka mishahara. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, wakitumia shaba yoyote iliyopatikana, maganda ya risasi yakiwemo. Kazi inaonekana kwa macho: taji limekaa upande, kingo hazilingani, kibati chenyewe kilichopigwa chapa kina mikunjo. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916 na mchezo ukaisha.

Babu yake mstaafu alikuwa fundi wa boila hapohapo karakanani. Alilipwa kwa sarafu alizoziona zikitengenezwa. Nimeandika kurasa tatu za daftari.

Kila mtu ananiuliza dhahabu ya Tabora, rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, iliyopigwa humohumo kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama 16,000 tu. Nimeamua haipati kishimo, na si kwa sababu ya bei peke yake. Haikununua samaki. Waliozipata walizificha siku hiyohiyo. Aidha, bandia zake ni nyingi kuliko wakusanyaji wake, na nimeshaonyeshwa mbili mwaka huu, moja ikiwa imeshikwa na sumaku yangu kabla haijatua mezani.

Agosti: mfalme asiye na sura

Senti tano na senti kumi zenye tundu, za Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, ya enzi za Waingereza. Hizi kila nyumba inazo, watoto tulizifunga uzi. Nilitaka kupita haraka, mpaka nilipomwaga kopo la biskuti la shangazi na kukuta ya 1936 iliyoandikwa EDWARDVS VIII.

Edward wa Nane alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, Januari hadi Desemba 1936, akaacha ufalme. Kwao Uingereza hawakuwahi kuingiza sokoni sarafu yenye kichwa chake. Lakini senti zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji kichwa, zilihitaji jina tu, na jina lilishachongwa. Kwa hiyo mfalme ambaye Mwingereza hakuwahi kumtumia dukani, mchuuzi wa Korogwe alimtumia kwa miaka thelathini kununulia kiberiti. Bei yake hata leo ni ndogo. Shangazi alipojua alicheka sana, akauliza kama anaweza kudai malimbikizo.

Shilingi ya 1921 yenye simba mbele ya milima: imepatikana, robo tu ndiyo fedha halisi, imekwaruzika, sawa. Senti hamsini, ile sumuni: imepatikana. Za 1966 zote nne, yaani samaki, mbuni, sungura na mwenge: nimetoa kwenye akiba ya nyumbani.

Septemba: seremala

Mninga, uliokaa kavu muda mrefu. Seremala alitaka kupaka vanishi, tukabishana, tukaelewana kwamba ndani ya vishimo hapapakwi kitu na gundi isifike karibu, kwa sababu mvuke wake hubadilisha rangi ya fedha. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila bluu. Vishimo anavichonga kwa vipimo vya sarafu zenyewe, na cha reale amekichonga na kijipango juu kwa ajili ya ule uvimbe. Hilo alilifanya mwenyewe bila kuambiwa.

Nyuma ya kila kishimo kuna nafasi ya kadi: uzito, mwaka, imetoka kwa nani (bila jina kamili, wengi hawataki), ilikuwa ndani ya nini.

Vilivyo wazi hadi leo ni rupia nzima, senti ya Zanzibar ya 1908 yenye mnazi, iliyopigwa wakati wa Sultani Ali bin Hamud, na florini ya 1920, fedha iliyotolewa Kenya na Uganda kuchukua nafasi ya rupia, ikafutwa karibu papo hapo shilingi ilipoingia, nyingi zikayeyushwa. Mwenye duka mmoja wa Lushoto ana florini. Baba yake aliipata Taveta alipokuwa akiuza viazi. Anataka 150,000, mimi nimefika 90,000, naye amenitaka nipande Jumamosi na mizani yangu, kwa sababu ya kwake ya kupimia maharage haiamini.